MAISHA YA ALBERT EINSTEIN, KARANI WA BERN



Kwa namba hii ilikuwa zamu yetu kuandika maisha ya mtu mkubwa wa zamani. Wengine walitaka tuandike juu ya mfalme fulani, wengine walitaka jenerali. Sisi tumemchagua mtu ambaye hakuongoza askari hata mmoja, lakini jina lake linatajwa katika shule zote za dunia. Njo huyu Albert Einstein.

Sababu zetu ni mbili. Ya kwanza: kila mara mwalimu wa fizike akitaja neno relativite, darasa zima linanyamaza, na wengi wanasemaga kama ile ni mambo ya watu wenye kichwa cha ajabu. Lakini mafundisho ya msingi ya relativite ya mwaka 1905 yanaweza kueleweka na mtu anayejua teoreme ya Pythagoras, ile tuliyofundishwa tungali wadogo. Sababu ya pili: habari ya mtu huyu inagusa inchi yetu ya Kongo kwa namna ambayo kila mtoto wa Kongo anapaswa kuijua. Tutafika pale polepole.

1. UTOTO NA MASOMO

Einstein alizaliwa tarehe 14 Machi 1879 katika mji wa Ulm, inchi ya Ujerumani. Wazazi wake, Hermann na Pauline, walikuwa Wayahudi. Mwaka uliofuata jamaa ilihamia München, na kule baba pamoja na ndugu yake Jakob walifungua kazi ya kutengeneza vyombo vya umeme. Kwa hiyo mtoto alikomaa katikati ya nyuzi na mashini, wakati ambapo taa za umeme zilikuwa jambo jipya hata katika miji ya Ulaya.

Alipokuwa na miaka minne ao mitano, baba yake alimwonyesha busola, kile chombo chenye sindano inayoelekea kaskazini sikuzote. Mtoto alishangaa sana. Hakuna mkono unaogusa sindano ile, na bado inageuka. Hata alipokuwa mzee alikumbuka siku ile. Mama yake alimtia kwenye masomo ya violoni, na alipenda muziki mpaka uzee. Kwa miaka 12 alipata kitabu cha jeometri, akakisoma peke yake bila kusukumwa na mtu.

Kuko uongo mmoja unaotembea katika mashule mengi: eti Einstein alikuwa anashindwa hesabu. Wavivu wanaupenda sana uongo ule. Ukweli ni kwamba katika hesabu alikuwa mbele ya wenzake sikuzote. Kitu alichochukia ni kulazimishwa kukariri maneno kama askari anayerudilia amri.

Mwaka 1894 kazi ya baba yake ilianguka, na jamaa ikahamia Italia. Walimwacha Albert München amalize masomo. Hakuweza kuvumilia. Mbele mwaka uishe alitoka shuleni bila diplome na kuwafuata wazazi wake. Alikuwa na miaka 15 tu.

Mwaka 1895 alijaribu mtihani wa kuingia Politekniki ya Zürich, katika Uswisi. Alikuwa mdogo kwa miaka karibu miwili kupita wengine. Katika hesabu na fizike alipata vizuri sana, lakini katika masomo mengine, Kifaransa kikiwa kimoja, hakufikia kipimo. Wakamshauri amalize kwanza masomo ya sekondari katika mji wa Aarau. Hakuona haya kurudi kwenye benchi. Alisoma mwaka mmoja, akapata diplome, na mwaka 1896 Politekniki ilimpokea.

Kule Aarau ndipo swali moja lilipomwingia kichwani. Mwangaza unakimbia sana. Sasa, mtu akiweza kukimbia kando yake kwa mbio ileile, ataona nini? Ataona mwangaza umesimama hewani kama maji ya barafu? Aliona kama haiwezekani, lakini hakujua sababu. Swali lile lilikaa naye miaka 10.

2. MTU ALIYEKOSA KAZI

Alimaliza Politekniki mwaka 1900. Wenzake walipata nafasi ya kuwasaidia maprofesa. Yeye hapana. Mara mingi alikosa masomo ya darasani ili asome vitabu vyake mwenyewe, na maprofesa hawakusahau. Aliandika barua pande zote, na hakuna aliyemtaka. Alifundisha kwa muda mfupi mahali huku na huku. Mwaka 1901 alipokea uraia wa Uswisi.

Aliyemwokoa ni rafiki. Marcel Grossmann, mwanafunzi mwenzake ambaye zamani alikuwa anamwazima madaftari yake, alimwomba baba yake mwenyewe amtafutie kazi. Hivi, katika Juni 1902, Einstein alianza kazi ya biro mjini Bern, kwenye ofisi ya Serikali inayoandikisha uvumbuzi. Alikuwa mtaalamu wa cheo cha tatu, kwa mshahara wa franka 3 500 kwa mwaka. Siku sita kwa juma alikuwa anasoma makaratasi ya watu waliotengeneza mashini mpya, na kutafuta kama mambo yao ni ya kweli ao ya bure.

Mwaka 1903 alimwoa Mileva Marić, binti Mserbia aliyesoma pamoja naye Zürich. Mwaka 1904 walizaa Hans Albert. Basi ni baba wa jamaa, mwenye mshahara mdogo, asiye na laboratwari, asiye na profesa wa kumwongoza. Njo mtu huyu ambaye katika mwaka mmoja tu, 1905, akiwa na miaka 26, alichapisha maandiko manne yaliyogeuza fizike. La kwanza lilieleza kwamba mwangaza unakuja katika vipande-vipande vya nguvu. La pili lilisaidia kuonyesha kwamba atomi ziko kweli. La tatu ni relativite. La nne ni ile hesabu ya E = mc² ambayo wengi wanaivaa juu ya kanzu bila kujua maana yake.

Katika andiko la relativite alimshukuru mtu mmoja tu, rafiki yake Michele Besso, aliyefanya kazi naye biro moja. Walikuwa wanatembea pamoja wakibishana. Siku moja katika Mei 1905 alimweleza Besso shida yake yote, na kesho yake alikuwa amepata jibu. Jibu lilikuwa katika neno wakati.

3. SHIDA ILIKUWA GANI?

Sasa tuingie ndani ya jambo lenyewe. Msomaji achukue karatasi na kalamu.

Yule aliyesafiri kwa mashua kubwa ziwani siku ya utulivu anajua jambo hili: ukifunga dirisha la chumba, huwezi kujua kama mashua inakwenda ao imesimama. Chai haimwagiki, na kitu ukikiangusha kinaanguka sawasawa miguuni pako. Galileo wa Italia aliandika mfano wa namna hii mwaka 1632. Maana yake: anayekwenda sawasawa bila kupunguza mbio wala kupinda, kwake sheria za vitu ni zilezile kama za yule aliyesimama. Tunapimaga mwendo sikuzote kwa kuulinganisha na kitu kingine.

Tena tunajua kujumlisha mbio. Treni inakwenda kilometre 60 kwa saa. Ndani yake mtu anatembea kuelekea mbele kilometre 5 kwa saa. Aliyesimama kando ya reli anamwona akipita kwa kilometre 65. Hapa hakuna ubishi.

Lakini mwangaza unakataa hesabu hii. Mbio yake ni kilometre karibu 300 000 kila sekonde. Kutoka jua mpaka kwetu unatumia dakika 8 na kidogo. Nyuma ya mwaka 1860, James Clerk Maxwell, mtu wa Scotland, aliipata mbio ile kwa hesabu za umeme na sumaku. Sasa wataalamu waliuliza: hiyo 300 000 inapimwa kwa kulinganisha na nini? Walifikiri mbingu zote zimejaa kitu chembamba kisichoonekana, wakakiita etere, na mwangaza unapita ndani yake kama sauti inavyopita hewani.

Kama ni hivyo, dunia yetu, ambayo inazunguka jua kwa kilometre 30 kila sekonde, ingekutana na etere kama mwendesha kinga anavyokutana na upepo. Mwangaza unaokwenda mbele na unaokwenda upande ungeachana kidogo. Mwaka 1887, mjini Cleveland, Marekani, Albert Michelson na Edward Morley walipima jambo hilo kwa chombo kikali sana. Hawakuona upepo wa etere wowote. Wakubwa kama Lorentz wa Uholanzi na Poincaré wa Ufaransa walitafuta namna ya kutengeneza tatizo, na walifika karibu.

Karani wa Bern alishika njia nyingine. Aliweka misingi miwili tu:

a) Sheria zote za fizike ni zilezile kwa kila mtu anayekwenda sawasawa. Hakuna anayeweza kusema yeye peke yake ndiye aliyesimama kweli.

b) Mbio ya mwangaza mahali patupu ni ileile kwa wote, hata kama taa inakuja kwako ao inakukimbia.

Ukikubali yote mawili, lazima kitu fulani kivunjike. Kilichovunjika ni mawazo yetu kwamba saa moja inapiga kwa dunia yote.

4. MATOKEO YAKE

Neno "wakati mmoja." Treni ndefu inapita kituoni. Radi mbili zinapiga, moja kwenye mwanzo wa treni, nyingine kwenye mkia. Aliyesimama kando ya reli, katikati kabisa ya mahali palipopigwa, anaona mianga miwili ikimfikia mara moja. Kwake ni wakati mmoja. Lakini msafiri aliyekaa katikati ya treni anasogezwa na treni kuelekea radi ya mbele, na kuondolewa kwenye ile ya nyuma, mwangaza ungali njiani. Kwa hiyo mwanga wa mbele unamfikia kwanza. Na kwake pia mwangaza unakimbia sawasawa pande zote, na yeye yuko katikati. Shurti aseme kwamba radi ya mbele ilipiga kwanza. Nani anasema uongo? Hakuna. Wote wawili wana haki, kila mmoja kwa saa yake.

Saa inachelewa. Fikiri gari la treni lenye urefu wa metre 4 kutoka sakafu mpaka dari. Chini kuko taa, juu kuko kioo. Msafiri anaona mwangaza ukipanda wima: metre 4. Lakini treni hii inakimbia ajabu, na mwangaza unapopanda, gari limekwisha kusogea metre 3. Aliye kando ya reli anaona mwangaza ukipanda kwa mshazari. Chora pembetatu: upande mmoja 3, upande mwingine 4. Pythagoras anatupa wa tatu: 9 na 16 ni 25, basi ni 5. Kwa msafiri mwangaza umepita metre 4; kwa mtu wa kando umepita metre 5. Lakini mbio ya mwangaza ni ileile kwa wote wawili! Hakuna njia nyingine: kwa mtu wa kando umepita muda mrefu zaidi. Wakati saa yake inahesabu 5, ile ya ndani ya treni inahesabu 4 tu. Hii ni treni ya sehemu tatu ya tano ya mbio ya mwangaza, maana yake kilometre 180 000 kila sekonde.

Hii si shida ya saa ile tu. Kama saa ya mkono ao mapigo ya moyo yangekwenda tofauti na saa ya mwangaza, msafiri angejua kwamba anakwenda, na msingi wa kwanza ungeanguka. Kwa hiyo kila kitu ndani ya treni kinachelewa pamoja, hata kuota kwa ndevu. Msafiri mwenyewe haoni tofauti yoyote.

Mwaka 1911 Mfaransa Paul Langevin alitoa mfano wa msafiri anayekwenda mbali na kurudi. Kwetu tungesema ni mapacha, Mbuyi na Kabanga. Mbuyi anaondoka kwa mbio ile ya sehemu tatu ya tano, anakwenda, anageuka, anarudi. Kabanga aliyebaki nyumbani amehesabu miaka 10. Mbuyi amehesabu 8, na ni mdogo kupita pacha wake. Mtu atauliza: je, Mbuyi naye hawezi kusema kwamba Kabanga ndiye aliyekwenda? Hapana, juu Mbuyi ndiye aliyegeuka njiani na kulisikia geuko lile mwilini. Kabanga hakugeuka.

Kipimo kinapungua. Treni ya metre 100 ikipita kwa mbio ile, aliye kando ya reli ataipima metre 80, kwa upande wa mwendo tu. Urefu wake wa kwenda juu haubadiliki.

Mbio ina mwisho. Kadiri kitu kinavyokaribia mbio ya mwangaza, kukisukuma zaidi kunaomba nguvu mingi zaidi, bila mwisho. Kwa hiyo hakuna chombo wala habari inayoweza kuupita mwangaza. Swali la kijana wa Aarau limejibiwa: hakuna atakayekimbia kando ya mwangaza, na yeyote atakayeufuata atauona sikuzote ukimkimbia kwa kilometre 300 000 kila sekonde.

Uzito na nguvu ni kitu kimoja. Ndiyo E = mc². E ni nguvu, m ni wingi wa kitu, c ni mbio ya mwangaza, na inazidishwa yenyewe kwa yenyewe. Ndiyo maana kitu kidogo kimeficha nguvu kubwa. Gramu moja tu, kama ingegeuka yote kuwa nguvu, ingetoa kilowati-saa milioni 25.

Wengine watasema: mbona sisi hatuoni mambo haya? Ni kwa sababu mbio zetu ni ndogo mno. Mtu akipanda treni ya kilometre 100 kwa saa, akae ndani miaka 100 bila kushuka, saa yake itachelewa chini ya sehemu moja ya elfu hamsini ya sekonde. Lakini ushahidi uko. Juu sana hewani kunazaliwa chembe zinazoitwa muoni. Maisha yake ni kama sekonde 2,2 zilizogawanywa kwa milioni. Kwa muda huo zingepita metre karibu 660, kiisha zife. Lakini zinafika mpaka chini kwa wingi, sababu saa yao inachelewa. Bruno Rossi na David Hall walilipima jambo hilo Marekani na kutoa matokeo mwaka 1941. Katika Oktoba 1971, Joseph Hafele na Richard Keating walizungusha dunia saa za atomi ndani ya ndege za abiria, na saa zikatofautiana na zile zilizobaki chini kama hesabu ilivyosema. Na leo simu inayokuonyesha njia inasikiliza saa zilizo ndani ya satelaiti za GPS. Kwa ajili ya mbio yao, saa zile zinachelewa kama sehemu 7 za milioni za sekonde kila siku. Kwa ajili ya kuwa mbali na uzito wa dunia zinatangulia sehemu 45. Mafundi wasingesahihisha, baada ya siku moja simu ingekosea kilometre karibu 10.

5. SIFA NA MATESO

Mwaka 1909 Einstein aliacha biro ya Bern na kuwa profesa Zürich, kiisha Prague, kiisha Zürich tena, na mwaka 1914 Berlin. Mwaka 1915 alimaliza relativite ya pili, iliyo pana zaidi, inayoeleza uzito wa jua na nyota. Kipimo chake kikubwa kilifanyika sehemu moja katika Afrika: tarehe 29 Mei 1919, Mwingereza Arthur Eddington alipiga picha za nyota wakati jua limefunikwa, kwenye kisiwa cha Príncipe, upande wa magharibi ya bara letu. Wenzake walifanya vilevile Sobral, katika Brazili. Picha zilionyesha kwamba mwangaza wa nyota unapindwa na jua. Tangu pale magazeti ya dunia yote yalimjua Einstein. Alipewa zawadi ya Nobel ya mwaka 1921, lakini kwa kazi yake juu ya vipande vya mwangaza, hapana kwa relativite, ambayo wengi walikuwa wangali wanaibishia.

Tusimfanye malaika. Nyumba yake ya kwanza ilivunjika, na katika 1919 aliachana na Mileva na kumwoa Elsa, binti wa jamaa yake. Mtoto wake wa pili, Eduard, alikuwa mgonjwa wa akili, na baba alipohamia Marekani hawakuonana tena. Kichwa kikubwa hakikumsaidia pale.

Katika Januari 1933 Hitler alishika utawala wa Ujerumani. Einstein alikuwa safarini Marekani. Kwa kuwa ni Myahudi na adui wa vita, mali yake ilishikwa na maandiko yake yalichukiwa. Hakurudi Berlin hata siku moja. Alikaa miezi kidogo Ubelgiji, pembeni ya bahari, katika inchi ya rafiki yake malkia Elisabeth, ambaye zamani walipiga violoni pamoja. Katika Oktoba 1933 alifika Princeton, Marekani, na kule alibaki.

Marekani aliona ubaguzi wa watu weusi, na hakunyamaza. Mwaka 1937 mwimbaji mweusi Marian Anderson alikataliwa hoteli mjini Princeton, naye Einstein alimkaribisha nyumbani mwake. Mwaka 1946 alikwenda kufundisha wanafunzi weusi wa Lincoln University, wakati alipokuwa anakataa mialiko mingi ya mashule makubwa.

6. BARUA YA 1939 NA MAWE YA KONGO

Sasa tunafika kwetu.

Katika Desemba 1938, mjini Berlin, Otto Hahn na Fritz Strassmann walivumbua kwamba atomi ya uraniumu inaweza kupasuka. Lise Meitner na Otto Frisch walieleza maana yake: sehemu ndogo ya uzito inapotea, na inageuka nguvu kwa kipimo cha E = mc². Lakini uraniumu nzuri ya wakati ule ilitoka wapi? Ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika Katanga. Mawe yale yalivumbuliwa mwaka 1915. Wabelgiji waliyachimbisha kwa ajili ya radiumu, na uraniumu haikuwa na bei kubwa.

Katika Julai 1939 wataalamu wawili kutoka Hungaria, Leo Szilard na Eugene Wigner, walimfuata Einstein pembeni ya bahari alipokuwa anapumzika. Waliogopa Hitler asinunue mawe ya Kongo na kutengeneza bomu. Wazo lao la kwanza lilikuwa Einstein amwandikie malkia Elisabeth aliyemjua. Mwishowe barua iliandikwa kwa Rais Roosevelt wa Marekani, tarehe 2 Agosti 1939. Ndani yake Kongo ya Wabelgiji ilitajwa kuwa mahali pa maana zaidi pa kupata uraniumu.

Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alisafirisha tani zaidi ya 1 000 za mawe ya Shinkolobwe mpaka New York. Sehemu kubwa ya uraniumu ya kazi ya bomu ilitoka katika udongo wetu. Einstein mwenyewe hakutengeneza bomu. Wakubwa wa jeshi hawakumwamini, wakamweka mbali na siri. Tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima iliungua, na siku ya 9 Nagasaki. Makumi elfu ya watu walikufa katika kila mji. Kipande cha uzito kilichogeuka nguvu hakikupita gramu moja hivi kwa bomu moja. Einstein alijuta barua ile mpaka kufa, hasa alipojua kwamba Wajerumani hawakufika karibu na bomu.

Ndugu wasomaji, tufikiri kidogo. Barua ilijua jina la Kongo. Meli zilijua. Lakini Mkongomani aliyeyapandisha mawe yale kwa mikono yake hakuambiwa yanakwenda kufanya nini, juu kazi yote ilikuwa siri, na shule ya kumfundisha fizike haikuwepo kwa ajili yake. Mashini ya kwanza ya atomi katika Afrika yote iliwashwa Kinshasa mwaka 1959, kwenye chuo kikuu cha Lovanium, lakini wakati ule Wakongomani wenye diplome ya chuo kikuu walihesabiwa kwa vidole. Udongo wetu ungali na mawe ambayo dunia inayatafuta, kobalti na mengine. Swali ni kama safari hii tutajua tunachochimba na bei yake.

7. MWISHO WAKE, NA SISI

Miaka ya mwisho Einstein alipigania amani. Siku chache mbele ya kufa, alitia sahihi yake kwenye tangazo la wataalamu, pamoja na Bertrand Russell, la kuwaomba wakubwa wa inchi zote waache vita katika wakati wa bomu la atomi. Mshipa mkubwa wa damu ulipopasuka tumboni alikataa kupasuliwa. Alikufa Princeton tarehe 18 Aprili 1955, kwa miaka 76. Mwili wake ulichomwa siku ileile, na majivu yakatawanywa mahali pasipojulikana, juu hakutaka kaburi la kuabudiwa.

Sisi tunachukua mambo mawili katika maisha haya. La kwanza ni kwa ma-finalisti wanaongojea egzameni ya Serikali: mtu huyu alirudi Aarau mwaka mzima, na hakupoteza kitu. La pili ni kwa wote. Kila mtu wa wakati wake alikuwa na saa mfukoni, na maprofesa walikuwa na nyingi kupita yeye. Yeye alithubutu kuuliza kipimo kile kinapima nini, na alikubali jibu hata lilipomshangaza. Tukiuliza hivyo juu ya mawe yetu, juu ya bei, na juu ya kila karatasi tunayowekewa mbele tutie sahihi, masomo yetu hayatakuwa ya bure.

Asiyeelewa hesabu ya 3, 4 na 5 atukute jioni nyuma ya masomo; tutaichora pamoja kwenye ubao. Mpaka namba ijayo.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho